Mtunza Mafaili

Mimi ndiye niliyefungua dirisha saa moja na nusu,
nikapangusa vumbi jekundu la Julai kwenye viti viwili,
viwili tu, na saa ya ukutani
iliyomtazama yeye, si mgonjwa.
Nyemo Mhembano hakutaka meza katikati.
"Meza ni ukuta wenye miguu," alisema,
akaisukuma kwangu, nikapangia mafaili.

Walikuja kutoka Bahi, Kibaigwa, Mpwapwa:
mkulima wa zabibu aliyesikia mizabibu ikimteta,
mama aliyefua nguo za marehemu kila Jumamosi,
mwalimu aliyesahau njia ya darasani.
Mlango ulifungwa, kisha kimya,
kimya kirefu kama reli ya Manyoni.
Siku za mwanzo nilidhani mle ndani hawafanyi kitu.

Mwaka visima vilipokauka
mafaili yaliota kama kichuguu.
Mchana mmoja, tonge la uwele mkononi, mlenda ukimvutika,
akaniuliza:
"Yoramu, mtu halali kwa sababu hana maji.
Nimtibu usingizi, au nimtafutie maji?"
Sikujibu. Nilikuwa nahesabu.

Akagombea.

Jukwaani alisema "Mbukwenyi!" wakaitika,
halafu akauliza: "Nini kinawanyima usingizi?"
akanyamaza.
Watu walicheka. Wakakohoa. Mtoto akalia.
Kisha bibi mmoja wa mstari wa nyuma akaanza,
na jua lilizama hajamaliza.

"Mnampa kura mtu wa Mirembe?" walipaza upande wa pili.
Akachukua kipaza sauti, taratibu, kama anayemshika kifaranga:
"Ni kweli, nimetoka Mirembe. Miaka kumi na minne, kazini.
Nyie wenzangu, mnatokea wapi?"

Udiwani, kisha kiti cha mwenyekiti wa halmashauri.
Nilimfuata na mkoba, mafaili yakabaki na kufuli.
Mkandarasi wa kisima alisimama, akaeleza bomba.
Mwenyekiti kimya.
Akaeleza pampu. Akaeleza mwamba.
Feni ikazunguka, ikazunguka,
hata akaeleza na milioni zilikolala,
na hakuna aliyemuuliza.

Siwadanganyi, hakuwa malaika.
Barabara ya kwetu hadi leo ni makorongo.
Mumewe alizoea kula peke yake.
Na siku moja nilimwona, mjane akiwa bado anasema,
akiitupia jicho saa.
Usiku ule aliivua ya mkononi, sikuiona tena.

Sasa lile faili.
La kijani, jina silitaji.
Mwenye faili ndiye aliyesimama kumpinga awamu ya pili,
ndiye aliyesema mbele ya umati, Chamwino,
kuwa mwanamke asiyezaa hajui uchungu wa mkoa.
Nami nilijua kilichomliza kwenye kile kiti,
Jumanne kumi na moja, mlango umefungwa.

Nikalichomoa. Nikalificha kotini, nikaenda kwake Makole
upepo ukinichapa mchanga wa macho.
"Ukurasa mmoja tu, mama. Mmoja."
Akanitazama kana kwamba mimi ndiye mgeni
aliyebisha hodi nyumba isiyo yake.
Hakugusa faili. Alikunjua kiganja:
"Funguo."

Alishindwa kwa kura kumi na tisa.
Nilizihesabu mwenyewe mara tatu, kwa mazoea.

Funguo alinirudishia Jumatatu, bila neno.
Nikafungua dirisha. Nikapangusa viti.
Februari ile mvua ilinyesha siku mbili, mahindi yakadanganyika.

Na Jumanne moja akaja mtu, kofia imeshuka hadi nyusi,
mheshimiwa, bila dereva, viatu vina matope.
Nilimwandika kwenye daftari kama simjui,
mkono ukinitetemeka kwenye herufi ya kwanza.
Kabla mlango haujafungwa nikamsikia Nyemo,
sauti ileile ya zamani,
akivuta kiti:

"Keti. Tulikomea wapi?"