Upande wa Babu

Septemba ikigeuza kisogo, kabla umande haujaganda kwenye nyasi za Wausau,
bibi yangu Zoua Thao huingia bustanini na uma wa kuchimbia,
koti la marehemu mumewe limefungwa kiunoni kwa kamba ya nailoni.
Majani yameshaanza umanjano.
"Haya," huyaambia, "jua mmelila la kutosha. Ingieni ndani."

Hachimbi kwa pupa. Huanzia mbali,
kama anayemwamsha mtoto asiyetaka shule,
mpaka kiganja kichomoze, vidole vimevimba,
cheupe, chekundu kidogo kwenye ncha,
na harufu yake iruke uzio bila hodi.

Ng'ambo ya uzio Ervin Zastrow naye yuko magotini.
Anang'oa dalia za mkewe. Mwaka wa tatu huu,
na kila kiazi kina kikaratasi chenye mwandiko usio wake.
"Leteni zenu," alisema, "kwangu chini kuna baridi nzuri."
Bibi akatikisa kichwa. Nikatafsiri:
dalia hulala kwenye baridi, tangawizi hufia humo,
hata kabla ya barafu; huoza kimya kimya,
ukiibonyeza, kidole kinazama.
"Kila mgeni na kitanda chake," bibi akamalizia,
na hilo sikulitafsiri.

Sisi tulikuwa na kreti la maziwa, magazeti,
mchanga tulioukausha kwenye oveni mpaka nyumba ikanuka mto.
Kipande hapa, kipande pale, visigusane.
Likakaa karibu na tanuri la kupashia nyumba joto,
nyayo tatu, si mbili: bibi alipima mwenyewe.
Nikaandika kwa kalamu nene: SI YA KUPIKA.

Dukani ipo, nilimwambia. Dola nne, imenona, imeoshwa.
Nilikuwa na miaka kumi na sita na akili nyingi.
"Ya dukani haiijui nyumba hii."
Nikarudi kwenye simu yangu.

Ikaja ile Januari.
Tanuri lilikohoa mara mbili, likanyamaza.
Nje, ishirini na tisa chini ya sifuri,
misumari ya paa ikilia kana kwamba mtu anaing'oa.
Fundi akasema asubuhi.
Baba alikusanya mablanketi, mama akajaza chupa maji ya moto,
na hakuna aliyemwona bibi akishuka ngazi.

Saa nane ya usiku nilikuta taa yake inawaka.
Amelala ukingoni mwa kitanda, kama kawaida yake tangu msiba,
na upande wa babu, ule usiolaliwa,
ule ambao mto wake hukung'utwa kila Ijumaa na kurudishwa,
palikuwa na kreti, limefunikwa mpaka shingoni.
Mchanga kwenye shuka.
Mkono wake juu ya blanketi, unasikiliza.

"Usisimame mlangoni," akasema, "unaingiza baridi."

Nikapanda katikati.

Viliingia vipande kumi na moja; Machi vilitoka saba.
Vingine vilikuwa vimesinyaa kama sabuni ya mwisho wa mwezi.
Alivikata, akaviacha dirishani siku mbili vifunge kidonda,
akavizika kwenye ndoo, jicho likitazama juu.
Wiki tatu, udongo mtupu. Wiki ya tano, udongo mtupu.
Baba akaanza kuiita ndoo ile kaburi, bibi asiposikia.

Asubuhi moja aligonga ndoo kwa kijiko, tung tung,
nikashuka na mswaki mdomoni.
Kijani, ukubwa wa punje ya mchele.
Zastrow aliitwa. Akaja na ndara, miwani kwenye paji la uso,
akainama, akakaa hivyo kwa muda mrefu,
kisha akauliza kama kuna aliyeiona miwani yake.

Kreti lilirudi chini. Kitanda kikakung'utwa, kikapangwa.
Juni, nikibadilisha shuka,
nilikuta punje nne za mchanga kwenye mshono wa godoro.
Niliziacha.