Rehani ya Koti

Mwalimu Ndewina ameniletea karatasi ya mistari,
kalamu nyekundu: kanzu kumi na mbili, majoho saba,
mishipi, vilemba vya wachungaji watatu.
Igizo la watoto ni Jumapili ya pili ya Julai.
"Nataka Waebrania," amesema, "si malaika wa kanga."

Nimedamkia Kiborloni, nikachambua marobota
hadi kucha zikawa nyeusi.
Mapazia ya hoteli za ng'ambo (nani alilala nyuma yake?),
shuka za kitani zenye herufi za mtu asiyenijua,
blanketi la sufu lililotobolewa na nondo.
Sasa nasoma: sufu na kitani
visikutane katika vazi moja.
Mwalimu, lebo ninayo mkononi,
sitini hiki, thelathini kile, kumi hakijulikani.
Mezani pangu kila uzi umeshaoana na mwenzake
na mahari imeshaliwa.

Amecheka. Amesema, shona tu.

Kanzu ya ndani ni rahisi, gunia lenye shingo.
Joho ndilo lina maneno: mraba, pembe nne,
kila pembe kishada,
na katika kila kishada uzi mmoja wa buluu
ili mtu akiinama akumbuke alichoagizwa.
Buluu niliyobaki nayo ni ya sweta za shule.
Itatosha. Mungu ameona mengi.

Mshipini walitia fedha.
Mama yangu kule Kibosho alifunga noti
kwenye ncha ya kanga,
fundo ambalo meno yake tu yalilijua.

Na wakifiwa, walishika shingo ya kanzu, wakairarua.

Hapa nimeondoa mguu kwenye kanyagio.
Anaeli alipokufa sikurarua kitu.
Nilikaa kwenye cherehani hii usiku kucha
nikashona sare za wafiwa, magauni ishirini na tisa,
kitenge cha zambarau, maua makubwa kama sahani.
Watu walisema, amejikaza.
Sikujikaza. Kulikuwa na pindo.

Nyuma ya mlango, kwenye msumari, kuna koti.
La Ndekirwa, mlinzi wa karakana ya mbao, Njoro.
Zipu mpya, bitana mpya, elfu kumi na mbili,
naye alikuwa na elfu tatu na maneno mengi.
Nikamwambia, liache hapa mpaka ulete.
Leo siku ya nne. Mali bila daftari
huisha bila habari, na daftari langu
lina jina lake kwa wino mzito.

Ubavuni mwa karatasi, herufi ndogo ndogo,
si maagizo ya ushonaji, nadhani Mwalimu alijiandikia mwenyewe:
joho lilikuwa pia blanketi.
Maskini akiliweka rehani, arudishiwe
kabla jua halijachwa.
Atalala na nini?

Nimetazama nje. Mlima umejifunika,
una wingu lake, haudaiwi na mtu.
Upepo umeanza kushuka
ukijaribu milango ya Pasua mmoja mmoja.

Nimemwacha mchungaji wa mkono mmoja mezani,
nikafunga duka, koti begani, mwendo wa haraka.
Utakatifu haukuwemo. Jua lilishagusa mabati.

Nikamkuta getini amevaa mfuko wa saruji
uliotobolewa kichwani na mikononi,
kiunoni kamba ya katani, imekazwa vizuri,
kama aliyepimwa na Mwalimu.
Hakuuliza kitu. Akalivaa, akavuta zipu,
ikakwama kifuani.
Nikapiga magoti kwenye maranda.
Uzi wa buluu, wangu, umenasa kwenye meno yake.
Nikaukata kwa meno yangu.

"Elfu tisa bado," nikasema.
"Bado," akasema. Akapandisha zipu hadi kidevuni,
akafikiri.
"Asubuhi nitakurudishia," akasema,
"ulishike mpaka jioni."