Meno ya Uduvi

Kibirizi, saa nne asubuhi, umeme umekatika.
Nasogeza hadubini dirishani,
namlaza uduvi ubavu kwa kibano cha nyusi,
nahesabu meno ya pembe yake:
saba juu, matatu chini.
Wa pili, wa mita themanini,
ana saba juu. Chini hana kitu.

Basi hao si ndugu.
Chupa mbili, spiriti, lebo za penseli
maana wino hukimbia.

Sokoni hawana majina. Huja wamenasa kwenye dagaa,
mama huwachambua kwa kucha
akawatupia bata.

Mimi ni Butoyi. Bukuru alinitangulia robo saa,
na watu wa Gungu mpaka leo
hunidai madeni yake.
Mama hakukosea kamwe, hata gizani.
“Yeye hupumua kama mtu anayeondoka.
Wewe, kama aliyefika.”

Hilo halipimwi kwa rula.

Chini ya mita mia mbili ziwa halina hewa,
chombo hurudi na tope linalonuka mayai viza.
Juu yake kidogo, ukingoni mwa pumzi,
jana tulimpata wa tatu:
chini jino moja,
mengine yamevunjika au hayakuota, sijui.

Nimeandika tarehe, nimeandika kina.
Penye jina nimepaacha.