Stesheni ya Tauno

Tauno huhesabu kimya. Ndicho anacholipwa:
vipimo mia mbili na kumi na vitatu vya kukaa tu,
fimbo mapajani, sikio juu ya ngozi ya timpani
kama daktari asiyetaka kumwamsha mgonjwa,
kisha mapigo manne.
Manne. Halafu kukaa tena.
Mimi nipo kando yake na matoazi yangu,
mwaka wa kumi na tisa sasa.
Waliosema kimya kingi kina mshindo mkuu
hawakuwahi kukihesabu hadi mia mbili
huku pua inawasha.

Jumatatu okestra hulala.
Jumatatu moja ya Novemba, saa tisa na giza limeshaingia,
akaniambia, "Njoo uone kitu,"
mtu ambaye kwa miaka yote hiyo
aliniambia "sasa" na "bado" na "umewahi".

Tukashuka ngazi hadi iliyokuwa sauna ya jengo.
Mawe ya jiko yalikwisha kupoa tangu mkewe alipofariki.
Juu ya mabenchi ya mbao, palipokaa migongo ya watu,
imekaa stesheni.

Moja kwa themanini na saba, alisema, na hakutania.
Vigae vya paa kavikata kimoja kimoja kwa wembe.
Mlango wa mkahawa, alikouza kahawa mama yake,
una kitasa. Kitasa kinazunguka.
Saa ya ukutani imesimama kwenye kumi na mbili na dakika arobaini,
wakati lilipopita garimoshi la mwisho
kabla serikali haijang'oa reli.
Harufu ya gundi. Brashi yenye unywele mmoja
imelala ndani ya kikombe cha yai.

Akabonyeza swichi. Behewa tatu zikapita bila sauti,
au kwa sauti ndogo ambayo mimi niliisikia
na yeye hakuisikia;
nilimwona akitazama magurudumu badala ya kusikiliza.
Sikio lake la kushoto limetangulia kustaafu.
Sikuuliza. Huko jukwaani siku hizi
namgusa kiwiko kwenye kipimo cha mia mbili na kumi,
naye hajawahi kuniuliza kwa nini.

Ndipo nikawaona abiria.

Yule mwenye fimbo ya kuvulia samaki na toboo la barafu,
mabega juu namna ile: Oskari wa fidla ya kwanza.
Kerttu wa fagoti amevaa wavu wa nyuki kichwani.
Ndugu wawili wa tarumbeta, ambao hawasemezani,
wameshika ncha mbili za tiara moja.
Hata maestro yupo, nyuma ya nguzo,
anafuma soksi, siri ambayo tulidhani
hatuijui.
Hakuna aliyebeba ala.
"Ni Jumatatu," alisema Tauno.

Na pembeni, karibu na pipa la taka,
mtu mwenye kimo cha ukucha, koti la kahawia, langu,
ameinama juu ya begi, na begini
vimekaa vipakiti vya sukari.

Sikumwambia mtu yeyote. Kila safari, kila mkahawa,
kimoja tu, kinaingia mfukoni kabla kahawa haijaja:
Trieste, Gdańsk, Reykjavík, elfu moja mia nne na sita,
katika masanduku ya viatu chini ya kitanda.
Nilidhani anahesabu. Kumbe alikuwa anatazama.

"Na wewe uko wapi?"
Akaonyesha behewa la tatu, dirisha lililofungwa pazia.
"Rangi haijakauka."

Paa zake hazikuwa na theluji.
Nikatoa mfukoni kipakiti cha Trieste, cha bluu,
nilichokuwa nacho nisijue kwa nini,
nikakichana, nikanyunyiza juu ya vigae.
Tauno akainama na miwani yake miwili.
"Punje kubwa mno," akasema. "Kwa kipimo hiki
hii ni mvua ya mawe. Imewaua wote."

Akachukua brashi ya unywele mmoja
akaanza kuziondoa, punje kwa punje.
Nikavuta kigoda.
Hatukuhesabu.