Mistari Mitano, Bilauri Nne

Radim hakuniuliza nataka nini.
Alitua bilauri, povu lake zito kama mtindi,
akachomoa penseli sikioni,
akachora mstari kwenye kijikaratasi,
akaenda zake.

Hii ilikuwa baa ya tatu.
Ya kwanza, penye daraja la mawe,
ilijaa Waingereza wenye fulana za sare,
bwana harusi wao kavishwa shela, analia.
Ya pili ilinifukuza kwa bei kabla sijakaa.
Hii sikuitafuta. Nilifuata harufu ya vitunguu,
nikashuka ngazi kumi na mbili
zilizolika katikati kama kinoo.
Miaka mia sita watu wa Praha wameshuka hapa na kiu,
na wachache wamepanda wamenyooka.

Mgeni kuku mweupe, walisema waliosema.
Mimi niliingia kuku mweusi
kwenye banda la weupe watupu,
na bado aliyeonekana ni mimi.
Vichwa viligeuka. Vikarudi kwenye karata.

Nilikaa kiti kilichokuwa wazi, kando ya bomba la joto,
na meza ikanyamaza.
Wakatazamana, Oldřich na Bi Zdislava.
Kisha bibi akasema kitu kifupi
na kunisogezea jibini iliyolala mafutani wiki nzima:
harufu ya soksi,
ladha ya sikukuu.

Oldřich aliendesha tramu miaka thelathini na minne.
Nilimuuliza kama mikono haikuchoshwa na usukani.
Akacheka hadi akakohoa.
Tramu haina usukani, kijana.
Ina wenzo, na uvumilivu.
Mkono wake wa kushoto ulikuwa bado umekunjwa juu ya meza,
ukishika kitu kisichokuwepo.

Nje theluji ilikuwa inaanza, nadhani.
Waliokuja walikuja na mabega meupe.

Saa tano na nusu nikafunika bilauri kwa kile kigatasi,
kama nilivyoona wengine wakifanya,
nikavuta kijikaratasi nihesabu.
Mistari mitano.
Nimekunywa nne! nikasema, nikionyesha vidole,
kwa jeuri ya mtu aliyeibiwa katika stesheni mbili.
Radim hakubisha.
Aligusa mstari wa kwanza kwa ncha ya penseli.
Huu si wako. Huu ni wa Vojmír.

Vojmír, fundi mabomba.
Ndiye aliyelifunga bomba lililonipasha mgongo.
Alianguka Februari akisubiri tramu,
na tangu hapo, kila jioni, kabla baa haijajaa,
mstari mmoja huchorwa mbele ya kiti chake.
Anayekaa hulipa. Au halipi.
Hatudai, alisema Bi Zdislava, akitazama karata zake.

Na bia yenyewe? niliuliza. Mnaimwaga?
Kuimwaga?
Radim alinitazama kama niliyemtukania mama.
Nainywa mimi.

Nikaweka noti mezani. Halafu sijui nini kilinipata,
bia ya nne au lile joto la bomba,
nikasimama, nikakiambia kiti kwa lugha yangu:

*Kiti si changu ni chako, nimekikuta ki wazi,*
*Nimeota joto lako, zilonileta ni ngazi,*
*Mstari wa bia yako, nikiulipa si kazi,*
*Na mimi nikija huko, niwekee kiti wazi.*

Mtu wa meza ya pili alivua kofia, bila kujua kwa nini.
Oldřich akauliza nimesema nini.
Nimesema asante, nikamjibu.
Akafikiri.
Ndefu sana kwa asante, akasema,
akagawa karata.

Nilipopanda,
nilihesabu ngazi kumi na tatu.