Ndama wa Kifaru

Si kifaru. Kifaru kina mzinga na kifuniko.
Gari hili ni ndama wake: sanduku la chuma lisilo na paa,
minyororo miwili, injini ya silinda nane katikati,
na kiti kilichomchubua matako kila aliyekikalia.

Baba alilinunua mnadani mwaka wa arobaini na saba
kwa bei ya kondoo wanne na mmoja kilema.
Akalikata bamba la mbele kwa gesi, akafunga ndoana,
akang'oa nalo visiki kutoka mto Mataura hadi mlimani,
na pale palipokuwa tundu la bunduki
akachomeka chupa ya chai.

Miaka thelathini baadaye likafa malishoni kama ng'ombe mzee,
pua imeelekea zizini.
Miiba ikalipanda. Kuku wakatagia chini ya usukani.

Mimi, Nessa, dereva mstaafu wa tanka la maziwa,
nilikwenda kulitazama siku tulipomzika baba,
viatu vya mazishi vingali mguuni.
Nikaligonga ubavuni kwa kifundo cha kidole.
Likaitika.

*

Majira tisa ya baridi.
Tamahou, shemeji yangu, ndiye mwenye sikio:
hubandika bisibisi kwenye injini, mpini kwenye fupa la nyuma ya sikio,
hufumba macho, husema, "Valvu ya tatu inadanganya."
Mimi nina ubishi tu.
Pini za minyororo zilikuwa zimeoana na kutu;
tukazitalikisha moja moja
kwa moto, kwa nyundo, kwa matusi ya Kiskoti ya marehemu bibi,
pingili mia na ushei kila upande,
na kila pini iliyokubali ilikubali usiku,
tulipokwisha kukata tamaa na kuvua glavu.

Nikapiga msasa. Nyekundu ya shambani.
Chini yake samawati, ile iliyobaki mama alipopaka jiko.
Chini yake kijani cha jeshi, kama pojo zilizochacha.
Na chini ya kijani, kwa ncha ya msumari,
mtu aliandika OSWIN, kisha vistari kumi na saba,
kisha basi.

Tukafuata nambari, barua, madaftari ya kambi.
Halikuvuka bahari. Ndilo jibu tulilopewa.
Lilibaki hapa hapa matopeni, likawa shule:
wavulana walikuja, wakajifunza kukata kona, wakaondoka.
Wao ndio waliovuka.

Wenzetu wa chama wakataka bunduki ya mbao,
ipakwe nyeusi, ing'ae siku ya gwaride.
Nikasema tundu lile lina mwenyewe.
Nikairudisha chupa.

*

Haligeuki kama gari. Ukigusa usukani kidogo
mnyororo wenyewe unajipinda, kama mgongo wa paka
anayejipitisha mguuni; ukizidisha, breki inang'ata upande mmoja
na dunia nzima inazunguka: matope, ua, kondoo.
Mara ya kwanza nilizidisha.
Mnyororo wa kushoto ukaruka meno, ukalala nyuma yangu
katika shamba la tanipu kama ulimi,
na kondoo mia mbili wakaacha kutafuna, wanitazame vizuri.
Tamahou alicheka mpaka akakaa chini.

Mara ya pili nilifika getini.

Fergus, mtoto wa jirani, miaka minane, akapanda juu.
"Liliua watu?"
Nilitaka kusema hapana, upesi, kama anayefunga dirisha mvua ikija.
Nikasema: liling'oa visiki. Lilifundisha.
Oswin alihesabu nini, sijui.
Akatia kidole katika lile jina,
pale nilipoacha pasipo rangi, upana wa kiganja,
akahesabu vistari, akarudia,
akapata kumi na vinane.

Usiku nikatoka na tochi, grisi bado imo kuchani.
Mtoto alikuwa sahihi.
Kimoja, chembamba, kimeegemea herufi ya mwisho,
kama cha mtu aliyeitwa
kabla hajakikandamiza.