Nia ya Marehemu

Wakili Nasirumbi ana ofisi juu ya duka la mbolea, Busia,
na swali lake la kwanza halikuwa pole.
"Baba yako alinuia kufia wapi?"

Nikamwambia alifia Masafu,
wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani.
"Sijauliza alikofia. Nimeuliza nia."

Kumbe mtu ana makao mawili:
pale mwili unapolala,
hayo huhesabiwa kwa mihuri ya pasipoti;
na pale moyo unapoapa utarudi,
hayo Entebbe hawayagongi muhuri.

Egesa Mangeni, fundi wa lifti,
miaka kumi na minne katika hospitali moja ya Leicester
akipandisha wagonjwa, akishusha maiti,
mwenyewe hana ghorofa.
Kumi na minne. Wakili akaipigia mstari.
Ingetimia kumi na mitano wangemwandika wao bila kuuliza,
na kodi yao ya urithi ingevuka bahari
kuja kuhesabu hadi ndama.
Sheria hiyo wameshaigeuza, akasema, sasa wanatazama miaka tu,
lakini Baba alitangulia,
na maiti hupimwa kwa mizani aliyoikuta.

"Basi niletee ushahidi."

Nimeleta.
Daftari la tofali: elfu nne na mia sita,
mwandiko wangu, hela zake.
Kadi ya chama cha mazishi cha ukoo,
ada imelipwa hadi mwezi aliokufa.
Shuka mbili mpya ndani ya sanduku la kijani,
za nyumba isiyo na paa.
Na sauti yake katika simu yangu:
"Mwakani, Taaka. Mwakani narudi kabisa."
Mwakani hizo ninazo kumi na tatu.

Ya kumi na nne alirudi kweli,
na mpira ubavuni.

Wahenga walisema mgeni siku mbili,
ya tatu mpe jembe.
Serikali ina subira kuliko wahenga:
humngoja mgeni siku mia moja themanini na tatu
ndipo imkabidhi jembe.
Baba aliugua kwetu siku mia mbili na sita.
Kikombe hakukiweza, sembuse jembe.
Lakini Kampala ni hesabu:
alikuwa mkaazi, anasema wakili,
na ile pensheni iliyokuwa ikimfuata kutoka Leicester
ina maswali ya kujibiwa hapa.
Kodi ya kurithi hatuna.
Ya kipato tunayo, na haijui kuomboleza.

Huko wanasema hakutoka.
Hapa wanasema alishafika.
Mimi niliyemgeuza kitandani usiku
sikujua nageuza watu wawili.

Na tofali zile, nyasi zimeota katikati,
kwa wakili ni nia,
kwa mthamini ni mali.
Nikiziuza nilipe, nimeuza ushahidi.

"Hamna kitu cha zamani zaidi?"
Nikasema kwa aibu: kitovu chake kilifukiwa
nyuma ya jiko la bibi, kwenye mgomba.
Nilidhani atacheka.
Akavuta karatasi ya kiapo.
"Nani aliyeona?"

Ndiyo maana leo shangazi Nabwire,
miaka themanini na mmoja,
amepandishwa ngazi za duka la mbolea
akiwa na gomesi yake ya kanisani.
Yeye ndiye aliyeshika taa.
Anasomewa maneno, anasahihisha:
si mgomba wa matoke, wa ndizi za kupikia pombe. Andika hivyo.
Wakili anaandika hivyo.

Kidole gumba kinazama katika wino,
kinapumzika juu ya karatasi
kama kinakanda unga.
Kisha ananigeukia:
"Na chako wewe, Taaka, walikifukia wapi?"

Mulago, nikamwambia. Kwenye ndoo.

Akatazama kidole chake cheusi,
akatafuta pa kukifutia, asipaone.